Gari Lisilojua Kusema Sijui

"Moyo una nyuzi thelathini na nane," gari likasema kwa sauti yake ya mhudumu wa mapokezi. "Tuko salama."

Siwema Ntandu hakuwa anasikiliza. Alikuwa ananusa. Tangu walipoanza kuteremka Saranda kulikuwa na harufu inayokuja na kuondoka, harufu ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko, na kila akigeuza shingo kuitafuta anakuta imeshatoweka.

"Chiduo, husikii harufu?"

Dereva wake alikuwa mtu wa Bahi, kifua kipana, kofia ya sufu kichwani hata kwenye joto lile. Hakutoa macho barabarani. "Nasikia harufu ya kuku. Mtu wa Singida akipanda gari langu, wiki nzima linanuka kuku wa kienyeji."

"Afadhali kuku. Wewe unanuka mlenda."

"Mlenda haunuki, dada. Mlenda unateleza tu."

Alicheka peke yake. Siwema alikuwa ameshavua viatu, amepiga magoti nyuma ya viti, penye mfuniko wa bati. Chini ya mfuniko ule lilikaa sanduku la betri, ambalo mafundi wote wa barabara ya kati waliliita moyo. Aliweka mgongo wa mkono juu ya bati, vilevile anavyomgusa mwanawe Sudi kwenye paji la uso akiamka analia. Akautoa haraka. Bati lilimuuma.

"Gari, moyo una nyuzi ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Umepimaje?"

"Sensa ya moyo, kipimajoto chake, haifanyi kazi tangu Manyoni. Nimeazima kwa majirani. Kwa majirani hewa ya nje ni nyuzi thelathini na mbili. Kwa hiyo moyo una thelathini na nane."

Chiduo alitazama bonde lililofunguka chini yao, jeupe, likimeremeta maji ambayo hayakuwepo. "Thelathini na mbili? Labda kule Njombe."

"Na pua yetu sisi inasemaje?" Siwema akauliza. Pua ni sensa ndogo ya chini ya bampa, inayoonja hewa kabla haijaingia kwenye rejeta.

"Pua yetu inasoma arobaini na saba," gari likasema. "Inatofautiana na majirani wote. Nimeihesabu kuwa mbovu na kuipuuza."

Zamani gari la namna hii lisingekuwa na maneno mengi. Sensa ikifa, lingesema sijui, lingejiegesha pembeni, na watu wangeteremka na kungoja fundi chini ya kichaka. Halafu sensa zikaanza kufa kila siku, kwa vumbi na mitikisiko na joto ambalo waliozitengeneza hawakuwahi kulikalia, na barabara ikajaa magari yanayosema sijui. Ndipo ukaletwa Ujirani. Gari lenye sensa mbovu linauliza yaliyo karibu nalo, linachukua jibu la wengi, linaendelea na safari. Siwema alikuwa kwenye darasa la jioni la mafundi, mimba ya Sudi ikimkaba pumzi, siku mwalimu alipowaonyesha mara ya kwanza. Darasa zima lilipiga makofi, na yeye alipiga. Neno sijui limestaafu, mwalimu alisema.

"Zima baridi ya kwetu," Siwema akamwambia Chiduo. "Yote iende moyoni na kwenye maziwa."

"Mimi nikaushwe kama dagaa?"

"Ukaushwe."

Baridi ya gari ilikuwa moja tu, na vinywa vitatu: moyo, chumba cha dereva, na sanduku jeupe lililofungwa mikanda kule nyuma. Ndani ya sanduku kulikuwa na maziwa ya akina mama, yaliyogandishwa kwenye benki ya maziwa ya Singida, mengine yamekamuliwa na wanawake ambao Siwema aliwafahamu kwa majina. Yalikuwa yanakwenda Dodoma, kwenye wodi ya watoto njiti. Wodi ilikuwa imeishiwa. Na kwenye wodi hiyo, kwenye kitanda cha kioo kilicho karibu na dirisha, alilala mtoto wa kike wa Mwanaidi, mdogo wake Siwema, aliyezaliwa miezi saba, hana hata jina. Mwanaidi alikuwa amepasuliwa, ana homa, kifua kimekauka. Nesi alisema mtoto atavumilia mpaka jioni. Hakusema jioni ya saa ngapi.

*

Chini ya mteremko kuna kiwanja ambapo misafara yote husimama kupoza breki. Magari yalijipanga pua kwa mkia: malori ya mafuta ya alizeti, malori ya saruji, basi moja, na gari lao dogo jeupe katikati. Siwema aliteremka kabla halijatulia vizuri.

Alianza na pua yao wenyewe. Akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akaipuliza, akasubiri. Arobaini na saba. Akaifunika kwa kiganja, ikashuka kidogo. Akatoa kiganja, ikarudi pale pale. Pua mbovu haifanyi hivyo. Pua mbovu hugoma au huropoka.

Akaenda kwenye lori la mbele yao, akachuchumaa mbele ya bampa.

Pua ya lori ilikuwa imevishwa kitambaa. Kipande cha khanga kuukuu, kimelowa, kimefungwa kwa fundo la mtu aliyekwisha kufunga mengi kama lile. Maji yalikuwa yanadondoka taratibu kwenye vumbi. Siwema alikigusa. Kilikuwa baridi kama shingo ya mtungi.

Akaenda kwenye lori la pili. Kitambaa. La tatu, kitambaa. La nne lilikuwa limevishwa soksi ya mtoto, ya njano, yenye bata. Aliinyoosha ile soksi vidoleni akajikuta hana pa kuweka hasira, kwa sababu mtu aliyeitoa nyumbani kwake lazima aliicheka kwanza.

"Fundi! Umepoteza hereni?"

Aliyeuliza alikuwa Ndahani, dereva wa basi na kiongozi wa msafara, mtu mrefu mwenye meno mazuri, anayetembea kama vile kiwanja ni sebule yake. Nyuma yake basi lilikuwa linaimba. Lilibeba kwaya nzima ya kanisa, suti za kijani na vitambaa vya kichwa vya kijani, wanakwenda kuimba harusini.

"Kaka Ndahani, hivi vitambaa ni vya nini?"

"Aa, hivyo?" Alijikuna shingo. "Tunaipangusa jasho tu."

"Kuipangusa jasho."

"Ndiyo lugha yetu. Unajua sheria: hewa ikizidi arobaini, gari linajipunguza mwendo lenyewe. Mwendo wa punda mwenye mimba. Utafika lini? Sasa unaipangusa jasho pua, inaona kuna kiubaridi, inakuachia. Bonde zima tunafanya hivyo. Chiduo hajakwambia?"

Chiduo alikuwa anaangalia tairi kwa umakini ambao tairi halikuhitaji. "Nilimwogopa," akasema. "Huyu dada akikasirika anafungua gari lote."

"Haina madhara," Ndahani akaendelea. "Pua ikidanganywa, moyo unajua ukweli. Moyo ukipata joto, feni zinawaka. Tumefanya hivyo tangu msimu uliopita, umesikia gari limechemsha?"

"Na moyo ukifa sensa?"

"Unaazima."

"Kwa nani?"

Ndahani aligeuka akatazama mstari wa magari, bampa hadi bampa, na vile vitambaa vikidondoka maji.

"Basi lako," Siwema akasema polepole, "moyo wake mzima?"

"Sensa yake ilikufa kabla ya Kwaresima."

"Kaka!"

"Linatembea, dada! Tena vizuri kuliko zamani. Halilalamiki hata kidogo."

"Litalalamikaje? Linauliza majirani, na majirani wote wamevaa vitambaa vibichi. Mimi pua yangu ndiyo pekee inayosema kweli hapa, na gari langu limeitupa kwa kuwa iko peke yake."

Ndahani alienda kwenye basi, akainama, akakata fundo la kitambaa chake kwa meno. Walisubiri. Kutoka ndani ya basi, juu ya sauti za wanakwaya, wakaisikia ile sauti ya mhudumu wa mapokezi: "Pua yetu inatofautiana na majirani. Nimeihesabu kuwa mbovu na kuipuuza."

"Lazima vitoke vyote kwa pamoja," Siwema akasema. "Waambie."

"Niwaambie nini? Wale wa saruji wameshawasha, hao wanaondoka." Akashusha sauti, na sasa hakuwa anatania. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukiripoti Kituo cha barabara, unajua kinachofuata. Msafara mzima unafungwa hapa hapa mpaka jua lipungue na kila gari likaguliwe. Mimi nina bibi harusi anangojea kwaya, sawa, harusi haifi. Lakini wewe? Gari likifungwa, sheria inasema baridi yote iende moyoni. Sanduku lako linabaki na nini?"

Siwema alijua. Yeye ndiye aliyeisoma hiyo sheria mpaka usiku watu wakilala.

"Una ufunguo wa fundi," Ndahani akasema. "Jitoe kwenye Ujirani, endesha baridi yako kwa mkono, ufike. Watoto wale hawana kosa. Sisi tutakuja polepole. Nakuahidi, mwendo wa punda."

Simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti; Siwema aliiweka simu sikioni. Sauti ya Mwanaidi ilikuwa ndogo, kama mtu anayezungumza chini ya shuka.

"Dada, chupa ya mwisho wamewagawia wale wadogo kuliko wetu. Nesi kaniruhusu nimpe kidole anyonye. Ananyonya, dada. Ananyonya kwa nguvu kabisa, halafu ananiangalia. Uko wapi?"

Mwisho wa mstari lori la saruji lilipiga honi. Siwema alimtazama Ndahani, akatazama basi, na mwanamke mmoja wa kwaya dirishani alimpungia mkono bila kujua anampungia nani.

"Redio iwe wazi," akamwambia Ndahani. "Njia yote."

Akapanda.

*

Kuendesha baridi kwa mkono ni kazi isiyokupa nafasi ya kukaa. Siwema aliingiza ufunguo, sauti ya mhudumu ikanyamaza, na kuanzia hapo hakukuwa na namba tena. Kulikuwa na kiganja chake. Akikiweka kwenye bati na kuweza kutamka jina la mwanawe kwa utulivu kabla hajakitoa, moyo unavumilika. Akishindwa kulimaliza, feni zote, pampu yote. Akizidisha, sanduku la maziwa linakosa, na inambidi arukie nyuma aguse ubavu wake mweupe, asikie kama bado unauma kwa ubaridi. Mbele kunauma kwa moto, nyuma kunauma kwa barafu, na yeye katikati anatambaa miguu mitupu kama mtoto anayejifunza.

"Sudi," akatamka, mkono juu ya bati. "Sudi. Su..."

"Feni," akasema, na Chiduo akasukuma mpini.

Walikuwa wamewapita wote. Kintinku ilipita pembeni, mabati na vumbi na mbuzi waliojibana kwenye kivuli cha ukuta. Barabara mbele ilikuwa tupu. Kwenye kioo, nyuma kabisa, basi lilionekana dogo, likipanda na kushuka kwenye mawimbi ya joto.

"Anakuja polepole kweli?" Siwema akauliza.

Chiduo aliangalia kioo. "Anakuja," akasema.

Redio ilikuwa wazi kama alivyoagiza, na ndani yake kwaya ilikuwa inaimba. Sauti za kike juu, za kiume zikiingia chini kama watu wanaosukuma gari lililokwama, na mtu mmoja anapiga kayamba nje kidogo ya mapigo. Ilikuwa nzuri. Siwema alitaka iwe mbaya ili aizime. Aligusa bati, akaruka nyuma akagusa sanduku, akarudi.

"Umefanya vizuri, dada," Chiduo akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mtu huwezi kuwabeba wote. Kila mama na mwanawe."

"Sawa."

"Wale ni watu wazima. Wana Ndahani, wana Mungu."

"Chiduo, nyamaza nisikilize."

"Unasikiliza nini? Wimbo?"

Hakuwa anasikiliza wimbo. Alikuwa anasikiliza nyuma ya wimbo. Ndani ya gari lao feni zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba yeye na Chiduo walikuwa wanapiga kelele bila kujitambua. Basi ni kubwa mara nne ya gari lao. Limebeba watu na vyombo vya muziki, chini ya jua hilo hilo, lami hiyo hiyo. Feni za basi zingetakiwa zifunike kwaya yote. Lakini kwenye redio, waimbaji walipovuta pumzi kati ya mstari na mstari, kulikuwa na kimya kabisa. Ungeweza kusikia mtu anakohoa.

Alinyakua kisemeo cha redio. "Kaka Ndahani. Feni zako zinalia?"

"Zimetulia!" Ndahani alijibu kwa furaha. "Zimetulia kama mtoto aliyeshiba."

Siwema alibaki ameshika kisemeo. Aliona kidole cha Mwanaidi kwenye kinywa kidogo. Mtoto aliyeshiba hutulia. Na yule mwingine pia hutulia, yule aliyelia mpaka nguvu zikamwisha, na mama asiyejua humshukuru Mungu kwamba amelala.

"Basi lisimame," akasema. "Kaka, teremsha watu."

"Nisimame bondeni? Hakuna hata mti. Gari linasema thelathini na tisa, salama."

"Linakuazimia uongo!"

"Tukifika Bahi tutaangalia. Siyo mbali."

Bahi haikuwa mbali. Dodoma nayo haikuwa mbali. Hilo ndilo lililomkata Siwema maini: kila kitu kilikuwa kimekaribia. Chiduo alikuwa anamtazama kwa kioo, na macho yake yalikuwa yanamwomba kitu, ila Siwema hakujua ni kuendelea au kusimama.

Alirudisha ufunguo kwenye Ujirani. Sauti ya mhudumu ikaamka. "Habari. Moyo una nyuzi thelathini na nane."

"Sema hujui."

"Majirani wanajua. Kwa hiyo najua."

"Sema hujui!"

"Sina sababu ya kusema hivyo."

Chini ya tundu la ufunguo kulikuwa na kifuniko chekundu ambacho mafundi wengi hustaafu bila kukigusa. Ukikivunja, fundi mwenyewe anatamka badala ya gari, na kila gari lililo kwenye Ujirani wa barabara ile linalazimika kumsikia. Siwema alipeleka mkono nyuma, kwenye ubavu wa sanduku, akauacha hapo kidogo mpaka ubaridi ukamwingia mfupani. Kisha akavunja.

"Mimi fundi Siwema Ntandu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye redio zote za bonde. "Msafara huu hatujui. Pua zimefunikwa. Hatujui nyuzi za moyo wowote. Hatujui."

Gari lao likazima lenyewe na kujiegesha pembeni. Kwenye kioo, basi likawasha taa za hatari. Kwaya ikakatika katikati ya neno.

*

Alikimbia kurudi nyuma miguu mitupu, akakumbuka viatu alipoikanyaga lami, akakimbilia pembeni kwenye vumbi lililokuwa nafuu kidogo tu. Chiduo alimfuata na viatu mkononi, akiita.

Ndahani alikuwa ameshateremka, uso umemvimba kwa hasira. "Umetufunga! Umetufunga wote, na watoto wako umewafunga! Umefaidika nini?"

"Fungua moyo."

"Siwema..."

"Fungua, kaka. Halafu unitukane."

Walifungua mlango wa ubavuni. Joto liliwapiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria. Ndani, kwenye kopo lake la kioo, yale maji ya bluu ya rejeta yalikuwa yanachemka, yanaruka na kugonga kifuniko, tiki, tiki, tiki. Na betri zilizopaswa kuwa bapa kama vitabu zilikuwa zimevimba katikati kama mikate inayoumuka.

Ndahani aligeuka akatazama madirisha. Ndani ya basi lake bado kulikuwa na watu wamekaa, wanajipepea na vitabu vya nyimbo, wanauliza kuna nini.

"Teremkeni," akasema. Akapiga ubavu wa basi kwa viganja viwili. "Teremkeni! Wote! Acheni mizigo! Mama Mchungaji, washushe watu wako, nakuomba, washushe!"

Wakashuka, wakasogezwa mbali kwenye kivuli chembamba cha lori la alizeti. Redio ikakoroma. "Kituo hiki. Nani amesema hatujui?"

"Mimi," Siwema akasema. "Na bado hatujui. Nifungulieni feni za basi, zote, sasa."

Zikafunguliwa. Zilinguruma kiasi cha kufunika kila kitu, na Siwema hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile. Alikaa pale ameshika mlango mpaka yale maji ya bluu yakaanza kupunguza kuruka.

Madereva wa malori walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyemtukana. Mmoja baada ya mwingine walichungulia ndani ya mlango ule, wakaondoka, na alipoinua macho aliwaona wameinama mbele ya bampa zao. Mwenye soksi ya njano aliivua mwisho, akaikamua, akaitia mfukoni. Na mstari mzima ukaanza kusema, gari kwa gari, sauti ile ile: "Nasahihisha. Hewa ni nyuzi arobaini na saba. Nasahihisha. Nasahihisha."

"Pua yetu inalingana na majirani," likasema gari lao dogo kwenye redio, kutoka mbali. "Ni nzima."

"Ilikuwa nzima tangu asubuhi, mpumbavu wewe," Chiduo akaliambia, na akainama kumvalisha Siwema viatu.

Ndipo Siwema akaruhusu akili yake irudi kwenye sanduku. Kituo kilikuwa kimeshasema: mpaka jua lipungue. Baridi yote moyoni. Alirudi kwenye gari lao, watu wakimfuata, akafungua mlango wa nyuma akaweka mkono kwenye ubavu mweupe. Bado ulikuwa unauma, lakini si kama mwanzo.

"Maziwa ya nani?" Yule aliyeuliza alikuwa Mama Mchungaji, mama mnene mwenye jasho linalomtiririka chini ya kitambaa cha kijani.

"Ya watoto njiti. Wa Dodoma. Mmoja ni wa mdogo wangu."

"Yakiyeyuka yameharibika?"

"Yakiyeyuka na kubaki baridi, yanafaa kwa leo. Yakipata joto, basi."

Mama Mchungaji alitafakari kidogo tu. Kisha akamgeukia Ndahani, ambaye alikuwa amesimama na kile kitambaa chake kibichi mkononi kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. "Hicho kilikuwa kinapoza nini?"

"Pua, mama."

"Kilikuwa kinadanganya pua," akasema. "Lakini ubaridi wake ni wa kweli, au siyo? Lete."

Walileta vyote. Vipande vya khanga, taulo, gunia, hata ile soksi. Wanakwaya walifungua mabegi wakatoa vitenge vya zawadi ya bibi harusi, vipya, bado vina gundi ya dukani, wakavilowesha kwa maji ya madumu ya madereva. Walilifunika sanduku tabaka juu ya tabaka kama mtungi wa bibi, wakafungua milango yote ya gari upepo upite, wakajipanga pande mbili na vitabu vyao vya nyimbo. Na kwa kuwa watu wanaopepea kwa pamoja lazima wapate mapigo, wakaanza kuimba. Kayamba bado ilikuwa nje kidogo.

Ndahani alikuwa anamwagia maji, dumu baada ya dumu, bila kumtazama mtu. "Msimu mzima," akasema mara moja, kwa sauti ya chini. "Msimu mzima nimebeba watu."

Siwema akamshikia dumu lingine.

Simu ikaita. Safari hii haikuwa ujumbe, ilikuwa Mwanaidi mwenyewe.

"Dada, kuna watu wanaimba huko?"

"Kuna kwaya. Wanapepea maziwa."

"Mmesimama?"

"Tumesimama, mdogo wangu. Basi la nyuma yetu lilikuwa linakaribia kuungua na watu ndani. Nimelisimamisha, na sisi tumesimama nalo. Nimeamua mimi."

Alimsikia Mwanaidi akivuta pumzi, na nyuma ya ile pumzi akasikia kitu kingine, sauti ndogo, ya kukwaruza, ya hasira. Mtoto alikuwa analia. Bado alikuwa na nguvu za kulia.

"Yatafika mazima?" Mwanaidi akauliza. "Dada, nimwambie nini nesi? Yatafika mazima?"

Ingekuwa rahisi. Ndiyo, usijali, tuko salama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na sauti ya mhudumu wa mapokezi.

Siwema alipenyeza mkono chini ya vitenge vilivyolowa, tabaka kwa tabaka, mpaka kiganja kikakutana na ubavu wa sanduku. Akakiacha hapo. Akatamka kimoyomoyo jina la Sudi, lote, kisha akatamka tena.

"Sijui," akasema. "Sijui, Mwanaidi. Lakini nimeyashika hapa kwa mkono wangu. Bado yana baridi. Usikate simu. Kila nikiyagusa nitakwambia."